Marehemu Wawili wa Barking

Bi Ruzuna alikunywa kikombe kimoja cha kahawa, akala kipande kimoja cha haluwa, akafuta vidole kwa kitambaa, kisha akauliza swali ambalo Bi Time alikuwa akilingoja tangu mlango ulipogongwa.

"Na baba mtu tutamsikia lini?"

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Januari, mwaka 2014, katika fleti ya Bi Time ya ghorofa ya tatu huko Barking, London. Bi Ruzuna alikuwa ametoka Edgware Road na mwanawe Matar kuja kumposa Suad, binti wa Bi Time. Posa yenyewe ilikuwa imepokewa vizuri. Matar alifanya kazi benki, Suad alikuwa akiuza dawa katika famasi, na wawili hao walikwisha kupendana kabla ya wazee kuambiwa lolote. Kilichobaki ni baba.

"Baba yake yuko Australia, si nilikwambia?" alisema Bi Time. "Migodini. Kazi zao hawapewi ruhusa ovyo."

"Ulinambia. Na kwamba kila mwezi anakutumieni, ulinambia na hilo." Bi Ruzuna alilitazama sofa, akalitazama pazia, akautazama ukuta uliokuwa na unyevu pembeni ya dirisha. "Basi simu hapigi?"

"Hupiga. Ila saa zao na zetu hazikutani."

Matar aliingilia kwa upole. "Mama, sheikh kasema baba akiwa mbali yeye anaweza kusimama. Sharia ina nafasi."

"Sharia ina nafasi, mie sina," mama yake alimkata. "Nataka nimsikie kwa masikio yangu haya. Akisema ndiyo, tunaweka siku. Na kama amekufa, niambieni amekufa. Yatima huozwa na kheri zake. Lakini baba hai asiyesikika, hiyo mie siijui ni nini."

Walipoondoka, Suad alikuwa jikoni akiosha vikombe. Aliletwa London na wazazi wake kutoka Wete akiwa na miaka mitano. Kiswahili alikisikia chote, lakini alikijibu kwa Kiingereza.

"Mwambie ukweli tu, Mum."

"Ukweli upi? Kwamba baba yako aliondoka mwaka 2002 akasema miezi sita, na hiyo miezi sita haijesha mpaka leo?"

"Ndiyo. Huohuo."

"Neno kama hilo ukimpa mtu wa Edgware Road asubuhi, adhuhuri liko Muscat." Bi Time alichukua kitambaa akaanza kukausha kikombe ambacho Suad alikwisha kukikausha. Miaka kumi na miwili alikuwa akimtunza mume wake kwa maneno. Iddi zote mbili kila mwaka alisema Muhiddin kaleta salamu. Zulia jipya aliponunua, kwa mshahara wake wa kuosha na kuvalisha wazee wa watu, alisema ni fedha za Muhiddin. Watu walimheshimu kwa hilo. Mwanamke mwenye mume hata akiwa mbali hukaribishwa kwa jina lake.

"Nani atamwoa mtu mwenye mama mwongo?" aliuliza, kama aliyekuwa akisema na kikombe.

Suad alifunga mfereji.

*

Aliyetoa habari za Muhiddin alikuwa Msabaha, mtu wa Chake Chake aliyewahi kuishi Australia miaka mitatu kabla ya kurudi London. Alimpa Bi Time jina la Mtanzania mmoja wa mji wa Adelaide, Method, dereva wa teksi, aliyewahi kufanya kazi na Muhiddin. "Ntampigia mimi nimwambie jamaa zake Muhiddin wanakuja," alisema, akaangalia pembeni. "Lakini Bi Time, si bora mwache?"

Suad alitaka wapige simu wenyewe, watafute namba, waulize. Mama yake alikataa. "Mtu aliyekimbia, ukimpigia anakimbia tena. Huyu anataka kukutwa."

Suad aliomba likizo ya wiki mbili. Tikiti zilitoka kwenye akiba ambayo Bi Time aliiweka kwa ajili ya kwenda Makka.

*

Adelaide ilikuwa joto la kuchoma pua. Method na mkewe Winifrida, watu wa Bukoba, waliwapokea kwa moyo mweupe. Winifrida alikuwa amepika ndizi na nyama, akatandika shuka safi kwenye kitanda cha watoto wake. Alipomaliza kuwapakulia, alikaa, akashika mkono wa Bi Time kwa mikono yake miwili.

"Dada, nilikuwa nasubiri mle kwanza. Poleni sana kwa yale ya shemeji yetu. Hata kama ni zamani, pole haichelewi."

Bi Time alimtazama bila kuelewa. "Yepi?"

"Ya mke wake. Na yule mtoto wa kike." Winifrida alishusha sauti. "Ajali mbaya ile ya London. Kaka alipokuja hapa alikuwa hali, hasemi. Mume wangu ndiye aliyemtoa maneno. Tulichanga kanisani, jamani, hata sisi ambao si Waislamu, tukampa afanye kisomo chake."

Kijiko cha Suad kiligonga sahani. Method aliyekuwa mlangoni akafikiri ni uchungu, akainamisha kichwa.

"Na wewe ni nani wake?" aliuliza Winifrida.

Bi Time aliweka kijiko chini. Nje mbwa wa jirani alikuwa akibweka.

"Dada yake," alisema Bi Time. "Na huyu ni mwanangu."

"Mungu awatie nguvu."

"Amin. Ahsante kwa mchango wenu."

Walilala kwenye kitanda kile cha watoto, wamegeuziana migongo. Suad alinong'ona: "Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kakaa na kunililia mwanamke wa watu, kanipikia, kanitandikia. Nimwambie rudisha machozi yako?"

*

Method aliwatafutia gari la kukodi na kuwachorea njia. Mara ya mwisho Muhiddin alisikika Coober Pedy, mji wa wachimba vito, karibu kilomita mia tisa kaskazini. "Jazeni mafuta kila mnapoyaona," alionya. "Msiseme tutajaza mbele. Mbele hakuna."

Suad aliendesha. Walipita Port Augusta, wakaingia kwenye nchi nyekundu isiyo na mwisho. Miji yenyewe ilikuwa pampu mbili, choo, na mbwa. Walisimama mahali pamoja Bi Time akaomba maji ya kutawadha, na msichana wa kaunta akamwonyesha friji ya maji ya chupa na bei yake. Alitawadha kwa chupa mbili alizozinunua, nyuma ya gari, huku Suad ameshika kanga kumkinga na wanaume wawili waliokaa kwenye benchi wakiwatazama bila haya. Kandokando ya barabara kangaruu waliogongwa walikuwa wamelala kwa mamia, wengine wakavu kama mabegi matupu. Malori yenye matela matatu yalipopita, gari lao dogo lilivutwa pembeni na Suad aling'ata meno.

"Anaweza kuwa na mke mwingine," alisema Suad. "Watoto pia."

"Anaweza."

"Ukimkuta naye utafanya nini?"

"Ntamsalimia," alisema Bi Time. "Yeye angalau yuko hai."

Coober Pedy nusu ya watu wanaishi chini ya ardhi kwa sababu ya joto. Moteli waliyoelekezwa ilichimbwa ndani ya kilima, na mwenyewe alikuwa Kishor, Mhindi wa Kisumu aliyehamia huko kutafuta vito, akavikosa, akaanza kukodisha vyumba. Aliposikia wanasema Kiswahili aliruka kwenye kiti.

"Mama! Karibu, karibu! Miaka mingapi sijasikia hii lugha! Tangu yule Muhiddin aondoke, mimi nasema na ukuta tu."

"Ndiye tunayemtafuta," alisema Bi Time.

"Mtu safi sana yule. Alikuwa hapa kwangu miaka mine. Anafua mashuka, anapika. Kila mwaka, mwezi wa pili, anapika vitumbua, anagawa kwa wachimbaji wote, anasema ni ya roho ya bibi yake na mtoto. Sisi tunakula, tunasema pole Muhiddin, pole..."

Alikuwa akimtazama Suad. Suad alikuwa na paji la uso la baba yake, na ile nyusi moja iliyopanda kuliko nyenzake, na hilo halikuhitaji mkalimani.

"Jina yako nani?" aliuliza polepole.

"Suad."

Kishor alikaa chini. "Suad," alirudia. "Ndiyo. Suad." Akamgeukia Bi Time. "Na wewe ni Time. Mimi najua majina. Kila mwaka anayataja." Uso wake ulianza kubadilika, huruma ikatoka, hasira ikaingia. "Miaka mine! Miaka mine mimi nakula vitumbua ya maiti!"

Bi Time alicheka. Hakutaka, lakini kilimtoka kicheko kibaya kirefu, mpaka akashika kaunta. "Vitumbua," alisema akipangusa macho. "Mtu huyu kwangu hata maji hakuwahi kuchemsha."

Kishor aliwapa chumba na akakataa malipo. Bi Time aliziweka noti kwenye kaunta, Kishor akazirudisha, akaziweka tena. "Chukua, baba," alisema. "Nimeshalipiwa ya kutosha na watu wa huruma." Basi akachukua, kwa aibu, na akaandika kwenye karatasi jina la mahali: Dorrie's Well, mwendo wa saa tatu mbele.

*

Dorrie's Well haukuwa mji. Ilikuwa kituo cha mafuta na mkahawa, kontena tatu nyuma, na tangi la maji. Waliingia saa nane mchana. Nyuma ya kaunta mwanamke wa Kizungu mwenye mikono iliyobabuka kwa jua alikuwa akihesabu sigara, na pembeni yake mzee mwembamba mwenye aproni alikuwa akitoa chipsi kwenye mafuta.

Muhiddin aliinua macho. Hakumtambua Suad, alimpita kwa macho kama mteja. Kwa Bi Time macho yalisimama. Chipsi zilianza kuungua.

"Pampu namba ngapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Hatutaki mafuta, Muhiddin," alisema Bi Time.

Yule mwanamke, mwenye duka, aliuliza hawa ni kina nani. Muhiddin aligeuza chipsi. "Wateja," alisema. "Watu wa nchi yetu."

Aliwapeleka nyuma, kwenye kivuli cha mitungi ya gesi. Kontena lake lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, birika, msala uliokunjwa, na sanduku. Suad alichungulia, akaingia mpaka mwisho, akafungua hata pazia la pembeni. Hapakuwa na kiatu cha mwanamke wala nguo ya mtoto.

"Hakuna mtu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Hakuna," alimjibu baba yake kwa Kiingereza vilevile. "Nimekaa peke yangu siku zote."

Suad alitoka nje akaegemea bati la moto, akaondoka haraka lilipomchoma. Njia nzima alikuwa amejiandaa kumchukia mwanamke fulani. Sasa hapakuwa na wa kuchukiwa isipokuwa huyu mzee mwenye mafuta mikononi, aliyewaacha kwa ajili ya kontena.

"Kwa nini ulituua?" aliuliza Bi Time.

Muhiddin alikaa juu ya kreti. "Mwaka wa kwanza sikuwa na cha kutuma, Time. Nikasema ntapiga simu nikipata. Wa pili nikapata, kidogo, nikaona aibu, mtu kanyamaza mwaka mzima halafu anatuma kitu kama sadaka. Kisha Method akaniuliza, vipi familia? Sikuwa na jibu. Nikasema wamekufa. Watu wakaacha kuniuliza."

"Basi. Kwa sababu wasikuulize."

"Wakawa wema pia," alisema, na ilikuwa wazi kwamba hilo ndilo lililomshika. "Huyu mwenye duka hanitozi kodi ya chumba. Nakuomba usimwambie, Time. Hapa sina pengine."

Bi Time alimweleza lililowaleta. Alipolisikia, Muhiddin alisimama. Macho yalimjaa maji. "Mwanangu anaolewa? Na wanataka idhini yangu?" Alirudia neno "idhini" mara mbili, kama mtu aliyepewa zawadi.

Lakini London ilikuwa alfajiri. Ilibidi wangoje kwa muda wa saa tano. Simu za mkononi hazikushika hapo. Ilibaki simu ya dukani. Wateja hawa wawili wa nchi ya mbali walikaa mkahawani wakinunua chai moja baada ya nyingine ili wasiulizwe kwa nini hawaondoki, na kila chai Muhiddin aliileta, akapokea fedha mbele ya mwajiri wake, akarudisha chenji.

Jua lilipoanza kushuka alitoka kwenye kontena amenyoa ndevu, amevaa kanzu yenye mikunjo ya sanduku na kofia ya kiua. Kwa ajili ya simu. Suad aligeuza uso.

Suad alikwisha kumpigia Matar awakusanye watu, na Edgware Road walikuwa tayari: Bi Ruzuna, Matar, na sheikh, simu imewekwa sauti wazi mezani. Na pale, mkono wa simu ile yenye grisi sikioni, Muhiddin alirudi mtu mzima. Kiswahili chake kilitoka laini, cha watu waliolelewa. Alisalimu kwa marefu, akamuuliza Bi Ruzuna jamaa zake mmoja mmoja, akamwakilisha sheikh kumwozesha binti yake Suad kwa Matar, kwa maneno sahihi, bila kukwama. Bi Time alivuta pumzi. Imekwisha.

"Mashaallah," sauti ya Bi Ruzuna ilisikika. "Sasa ndio nimemsikia mtu. Na mambo ya karamu, bwana Muhiddin? Unajua sisi jamaa wengi."

"Msijitaabishe hata kidogo," alisema Muhiddin. Kifua kilikuwa kimejaa. "Ukumbi, chakula, yote juu yangu. Watu mia tatu, mia nne, karibuni. Binti ni mmoja huyu."

Bi Time alimtikisia kichwa. Alimtikisia mkono. Hakumwona, alikuwa ametazama dirishani, akitabasamu na watu wasiokuwepo. Ndipo akamnyang'anya simu.

"Bi Ruzuna, mimi Time. Nisikilizeni. Idhini katoa, mmeisikia, na ni haki yake. Hayo mengine hana. Mtu huyu hajatutumia hata peni moja miaka kumi na miwili. Hakuwa migodini. Mie ndiye niliyekuwa nikikudanganyeni. Mwanangu nimemlea kwa mikono yangu."

Sheikh alikohoa.

"Simu inakwaruza, Bi Time," alisema Bi Ruzuna. "Lakini aliyoyasema bwana tumeyasikia. Safari njema." Ikakatwa.

Muhiddin alisimama na kanzu yake, mikono imelegea.

"Na mie nipe talaka yangu," Bi Time alisema.

"La," alijibu, haraka, kwa hofu.

"La?"

"Nikikuacha nitabaki na nani?"

Bi Time alirudisha simu mahali pake. "Kuniua uliweza," alisema. "Kuniacha huwezi."

Walipowasha gari, yule mwenye duka alitoka nje kuwapungia. Bi Time angeweza kushusha kioo na kusema maneno manne kwa Kiingereza chake kibovu, na kontena lile lingekuwa si la Muhiddin tena. Suad alimngoja aseme. Hakusema. Hakuwa amemsamehe, alikuwa amechoka tu, na njia ilikuwa ndefu.

*

Ndoa ilifungwa mwezi wa Aprili. Karamu ilikuwa ya watu mia tatu na ishirini, kwa kuwa Bi Ruzuna alikwisha kuwaalika siku ileile ya simu. Bi Time alikopa. Alichukua zamu za usiku juu ya za mchana, na siku ya harusi miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia.

Mwezi wa Juni alikwenda kwa sheikh kuomba ndoa yake ivunjwe. Sheikh alimsikiliza vizuri. Alisema sababu ipo, lakini yeye ni mwenye kuhukumu, hawezi kuwa shahidi; watafutwe watu wazima wawili, wasio wa damu yake, waliosikia habari ya kutelekezwa, mume mwenyewe akiwa papo hapo asiikanushe. "Siku ile ya simu," alisema, "chumbani hamkuwa na mimi peke yangu."

Basi Bi Time alipanda treni mpaka Edgware Road na karatasi ndani ya bahasha. Suad, ambaye sasa aliishi huko kwa wakwe, alimfungulia mlango na kumletea chai. Matar alikuwa ametoka kazini, tai bado shingoni. Bi Ruzuna aliisoma karatasi yote, hata sehemu ya chini yenye anwani, kisha akaikunja kwa upole.

"Mie sikusikia kitu, Bi Time. Nilikwambia palepale, simu ilikuwa ikikwaruza. Nilichosikia ni ukumbi na watu mia tatu, na alhamdulillahi, vyote tumeviona. Leo nikatie saini nini? Kwamba mwanangu kaoa kwa mtu aliyetupwa?"

Bi Time alimgeukia Matar. "Na wewe, mwanangu? Ulikuwepo. Masikio yako ni mazima."

Matar alimtazama mama yake. Bi Ruzuna alikuwa akimimina chai, hakuinua uso. Matar akaitazama karatasi, akarudi kumtazama mama yake, akalegeza tai.

Suad alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Alikuwa akimtazama mumewe wa miezi miwili, akimngoja afungue kinywa. Alingoja mpaka chai aliyomletea mama yake ikapoa.